Acheni Alinacha Aote

Kwenye steshenari yangu hapa Mafiati, Mbeya, sentensi niliyoichapa mara nyingi kuliko zote ni hii: "Kumbe alikuwa anaota." Watu wanaleta kazi za kila aina, barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga fremu, katiba za vikoba, ripoti za fildi za wanachuo, na katikati ya hizo wapo vijana wanaoleta hadithi. Wameziandika kwa peni kwenye kaunta buku, pembe za kurasa zimejikunja, wanataka zichapwe wakazitume mahali au wazione tu zikitoka kwenye printa. Na mi nazisoma zote maana huwezi kuchapa kitu bila kukisoma, na nikikaribia ukurasa wa mwisho vidole vyenyewe vinajua kinachokuja, konda anamgusa jamaa begani, au mama anagonga mlango anauliza we hujaamka tu, na lile jumba, lile gari, yule mchumba wa Masaki, vyote vinafutika kwa mstari mmoja.

Inaniuma kila mara. Siyo kwamba ndoto ni kitu kibaya kwenye hadithi, naamini kinyume kabisa, naamini ndoto ya mchana, ile ya macho wazi, ni kati ya vitu vikali kabisa ambavyo mwandishi wa hadithi fupi anaweza kushika mkononi, ila sisi tumeifanya mlango wa nyuma. Mwandishi amefika mahali hajui amalizeje, anachomokea hapo. Yaani anayekimbia maisha siyo mhusika tena, ni mwandishi mwenyewe, na msomaji ambaye alishaanza kumpenda yule kijana anabaki ameduwaa.

Hii dharau tumeitoa wapi? Nadhani lugha nayo imetuponza kidogo. Mtu akisema anataka kufungua kiwanda cha kukamua mafuta ya parachichi wakati hata mtaji wa beseni moja hana, wenzake wanamwambia hizo ni ndoto za Alinacha, mjadala umefungwa. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu mmoja akiniona nimegeukia dirishani naangalia mlima Loleza ulivyomezwa na ukungu, alikuwa ananirushia kipande cha chaki, "Alinacha, rudi darasani!" Darasa zima linacheka. Nikakua najua Alinacha ni jina la mjinga. Nimekuja kuisoma stori yenyewe ukubwani ndiyo nikashangaa, tunavyoisema sivyo ilivyo.

Alinacha ni wa kwenye Alfu Lela Ulela, mmoja wa ndugu za yule kinyozi wa Baghdad. Baba yao alikufa akaacha dirhamu 700, wakagawana watoto saba, kila mmoja akapata 100. Yeye zake akanunua vyombo vya kioo, akavipanga kwenye kapu kubwa, akakaa nalo ameegemea ukuta anasubiri wateja, na wateja hawaji, na hapo ndipo akili inapoanza kusafiri. Hivi vya mia nitauza mia mbili, mia mbili nikinunua vingine nauza mia nne, hesabu inapanda hivyohivyo mpaka anafika dirhamu laki moja, ananunua nyumba, ananunua farasi, anaposa binti wa waziri, anakubaliwa, harusi inafika. Sasa angalia anachokifanya kwenye hiyo harusi. Bibi harusi analetwa mbele yake, hamtazami. Watu wanambembeleza, kanuna. Mama mkwe anakuja kumwomba, kanuna vilevile. Mwisho binti wa watu anamnyooshea kikombe anywe, anambembeleza, na Alinacha ili aonekane mkubwa kwelikweli, anampiga teke. Teke ni la ndotoni lakini mguu ni wa kweli. Kapu limeruka, vyombo vyote vimekuwa vigae.

Hiyo sehemu nimeirudia mara nyingi sana. Msimuliaji angeweza kuvunja vile vyombo wakati wowote, angevivunja Alinacha akiwa kwenye hesabu za hela, angevivunja akiwa juu ya farasi. Hakuvivunja. Alimsubiri mpaka yule maskini aliyekaa chini kwenye vumbi akafika mahali pa kupata mtu wa kumdharau. Ndiyo maana mi nasema kosa la Alinacha siyo kuota, ni lile teke. Mtu amekaa maisha yake yote chini ya miguu ya wenzake, umempa utajiri wa dakika kumi kichwani, na kitu anachokitaka kuliko vyote ni mtu wa kumbembeleza yeye akatae. Bila ndoto ungehitaji riwaya nzima kutuonyesha hilo, pale limekaa kwenye kurasa mbili tatu.

Na stori haiishii pale! Hili ndilo linalonishangaza zaidi, kwamba lugha nzima imekumbuka vigae ikasahau kilichofuata. Alinacha yuko pale analia anajipiga usoni, watu wanapita kwenda sala ya Ijumaa, mara anatokea mwanamke tajiri amepanda baghala, ananukia miski, anauliza huyu analia nini, akiambiwa anaagiza apewe mfuko wa dinari 500. Dinari ni dhahabu hiyo, siyo dirhamu za fedha. Kavunja vyombo vya dirhamu 100 kapata dinari 500 siku hiyohiyo. Baadaye anaingia kwenye matatizo mengine, lakini hayo hayatokani na ndoto. Sisi tumeikata stori katikati tukaifanya fimbo ya kuchapia watoto wanaoangalia dirishani.

Wenzetu wa mbali nao wana Alinacha wao. Mmarekani James Thurber alitoa hadithi ya Walter Mitty kwenye The New Yorker, mwezi wa tatu mwaka 1939, maneno kama elfu mbili tu, na ukitafuta kilichotokea hamna kitu kabisa: mzee anamwendesha mke wake kwenda saluni mjini Waterbury, anapaki gari, ananunua viatu vya mpira vya kuvalia juu ya viatu vingine, ananunua biskuti za mbwa, anamsubiri mke wake. Basi. Ila kichwani ameshakuwa kamanda wa jeshi la majini kwenye dhoruba, daktari bingwa, mshtakiwa mahakamani, rubani wa ndege ya mabomu.

Ninachotaka vijana wangu wakiangalie pale ni ufundi, siyo ukubwa wa ndoto. Anapita na gari mbele ya hospitali, anakuwa daktari. Muuza magazeti anapiga kelele habari za kesi, yeye tayari yuko kizimbani. Anafungua gazeti lenye picha za ndege za mabomu, anakuwa rubani, na hiyo ni miezi sita kabla vita ya pili ya dunia haijaanza kule Ulaya, kwa hiyo hata hofu ya nchi nzima imeingia mle kupitia gazeti la kusomea kwenye kochi. Kilichonimaliza kabisa ni pale mahakamani, anampiga mwendesha mashtaka ngumi ya kidevu anamwambia mbwa we, na hilo neno ndilo linalomkumbusha biskuti za mbwa alizoagizwa, anaropoka "biskuti za mbwa" katikati ya barabara, mwanamke anayepita anacheka. Ndoto imetoka barabarani, imerudi barabarani. Kwenye kaunta buku ninazoletewa jumba la ndotoni limetoka kwenye tamthilia ya runinga zima zima, halina hata tofali moja lililotoka Mwanjelwa.

Na mwisho wake, jamani. Mitty kaambiwa asubiri, kasimama ameegemea ukuta wa duka la dawa kwenye mvua ya barafu, kawasha sigara, na kichwani ule ukuta umekuwa wa kupigiwa watu risasi, anakataa kufungwa macho. Hadithi inaishia pale. Hakuna wa kumgusa begani. Kuna filamu mbili za huyu Mitty, ya 1947 na ya 2013, na zote mbili zimempa misukosuko ya kweli, kama vile waliozitengeneza hawakuvumilia kumwacha amesimama vile. Thurber alivumilia.

Wapo walioamua ndoto ivunjwe, na sina ugomvi nao, ugomvi wangu ni inavunjwa na nini. Katherine Mansfield wa New Zealand ana hadithi ya 1920, Miss Brill, mwanamke wa makamo anayefundisha Kiingereza ugenini Ufaransa, kila Jumapili anavaa kitambaa chake cha shingoni cha manyoya ya mnyama chenye vijicho anaenda kukaa bustanini kuangalia watu. Anaangalia, anasikiliza maongezi yasiyomhusu, mpaka wazo linamjia kwamba wote pale ni waigizaji, wako jukwaani, na yeye ana nafasi yake, asipokuja Jumapili moja lazima watu watagundua. Ni ndoto ndogo hiyo, hajaomba ghorofa, kaomba kuhesabika tu. Halafu kijana na mpenzi wake wanakaa kwenye benchi lake, na anawasikia wakimsema, huyu bibi anakujaga kufanya nini hapa, na msichana anacheka kile kitambaa anasema kinafanana na samaki wa kukaanga. Hakuna anayeamka usingizini pale. Kinachofuata ni kwamba siku za Jumapili huwa anapitia kwa muuza mikate ananunua kipande cha keki ya asali, kuna siku ndani anakuta lozi na kuna siku hamna, ikiwepo anaona kama amebeba zawadi. Siku hiyo hakupitia. Alienda moja kwa moja chumbani kwake akakirudisha kitambaa kwenye boksi. Keki ambayo hakununua inaniumiza kuliko ambavyo sentensi yoyote ya "alihuzunika sana" ingeweza.

Mtu ataniambia mbona na wakubwa wametumia "kumbe". Kweli, Mmarekani Ambrose Bierce kwenye hadithi yake ya mwaka 1890, mtu ananyongwa juu ya daraja, kamba inakatika, anaogelea, anakimbia mpaka kwake, anamnyooshea mke wake mikono, kumbe shingo imeshavunjika. Lakini rudi mwanzo usome tena. Kabla hajaanguka alisikia mlio unagonga kama nyundo ya mhunzi, ulikuwa mlio wa saa yake mwenyewe, na kila pigo lilichelewa kuliko lililopita. Muda ulishaanza kuvutika na tuliambiwa. Bierce hakutuibia, alituonyesha ufunguo akauweka mezani.

Sasa turudi huku kwetu, kwa sababu nikisema haya kuna anayefikiri ndoto za mchana ni anasa ya wazungu wenye bustani. Hivi kuna watu wana sababu ya kuota kuliko sisi wa nyanda za juu? Maisha ya huku nusu yake ni kusubiri. Unasubiri daladala Kabwe saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, pumzi inatoka moshi mdomoni, mikono kwapani. Dereva wa lori amekaa foleni ya Tunduma siku ya tatu, amemaliza stori zote na utingo wake. Mkulima wa Kyela ana magunia ya mpunga ndani anasubiri bei ipande, wa Makete anasubiri jua likaushe chochote. Nyumba zilizo karibu na reli ya TAZARA watoto wanalala na honi ya treni masikioni, na hiyo treni inakwenda mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilometa 1,860 kutoka Dar, unadhani hao watoto usiku huwa wako kitandani? Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walitoa utafiti wa watu 2,250 waliokuwa wanaulizwa kupitia simu saa yoyote wanafanya nini na wanawaza nini, wakakuta asilimia 46.9 ya mara walizouliza akili haikuwa kwenye kile mtu anachofanya. Karibu nusu! Walikuta pia watu wakiwa hivyo furaha inapungua, na siwapingi, ila mwandishi anayeandika siku nzima ya mtu bila hiyo nusu ameandika nusu mtu.

Sigmund Freud, yule daktari wa mambo ya akili, naye aliligusa hili kwenye mhadhara wa Vienna mwaka 1907. Alisema mwenye furaha haoti, anaota asiyetosheka, hapo mi sikubaliani naye sana maana nimewaona watu wenye furaha zao wakiota vizuri tu. Lakini alisema jingine ambalo nalibeba kila siku pale kaunta: kwamba mtu mzima anazionea aibu ndoto zake za mchana, yuko tayari kukiri makosa yake kuliko kumsimulia mtu anachokiota. Nilipolielewa hilo ndiyo nikaelewa ile sentensi ninayoichapa. Kijana ameandika kurasa sita za kitu anachokitamani kuliko vyote, kitu ambacho hajamwambia hata mama yake, na alipofika mwisho aibu ikamkamata. "Kumbe alikuwa anaota" siyo mwisho wa hadithi. Ni kijana anaomba msamaha kwa kuota, kabla hajarushiwa chaki.

Mwezi wa sita, baridi ile ya kukunja vidole, alikuja binti mmoja kavaa sweta kubwa la kiume, khanga begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akatoa daftari kwenye mfuko, kurasa saba, akauliza bei, nikamwambia, akakaa kwenye stuli kusubiri. Nikaanza kuchapa. Mhusika wake anauza maparachichi pale Uyole mabasi yanaposimama, na ana mchezo wake hakuna anayeujua, kila basi likisimama anachagua siti moja, mwenye siti hiyo ndiye yeye. Siku hiyo ni basi la Dar, dirisha la nne kutoka mbele, mama kavaa miwani anatafuna karanga. Binti anahamia mle. Anasikia joto la watu ndani ya basi, anasikia kitambaa cha siti kinavyowasha shingoni, anapanga atasinzia Makambako ili awe macho Mikumi aone tembo. Halafu kupitia kioo anamwona binti wa maparachichi chini, miguu ina vumbi, anamuita. Kisado bei gani? Elfu tatu. Na yule mama, ambaye ni yeye, haombi apunguziwe. Analipa, anauliza, unaitwa nani mwanangu.

Hapo niliacha kuchapa kidogo. Ndoto nzima ya huyu binti ilikuwa hiyo, basi lote lile na njia yote ile, alipopewa nafasi ya kukaa juu akainamia dirisha akanunua kwake mwenyewe bila kulia bei. Alinacha alipopanda juu alipiga teke.

Mstari wa mwisho ulikuwa uleule.

"Mwanangu," nikamwambia, "huu mstari nani kakuambia uuweke?"

"Si ili msomaji ajue mama. Asije akadhani kweli alikuwa kwenye basi."

"Ameshajua tangu ukurasa wa kwanza. Hebu niambie, huyu binti wakati kichwa kiko ndani ya basi, mikononi alikuwa ameshika nini?"

Akafikiri. Akaangalia viganja vyake.

"Chenji."

"Ya nani?"

"Ya yule mama wa miwani. Alitoa elfu kumi, kisado kikapanda dirishani, sasa chenji..." Akaanza kucheka, akaacha. "Ilinitokea kweli mama."

Nikampa peni. Akaandikia palepale kaunta, amesimama, karibu na mashine ya fotokopi kwa sababu pana joto, akafuta, akaandika tena, kuna mteja wa kopi ya kitambulisho alisubiri mpaka akanuna. Mwisho mpya ni huu: konda anapiga bodi mara mbili, basi linang'oka, binti anashtuka, anakimbia na elfu saba mkononi, ndala moja inabaki nyuma, anapiga kelele mama chenji, mama chenji, na basi linazidi kuchanganya kuelekea Inyala, na kwenye dirisha la nne yule mama amegeuza shingo anamwangalia.

Nikachapa hivyohivyo alivyoandika. Hakusema kama yule mama kwenye basi aliona mtu anayejitahidi kumfikia au aliona mtu aliyemwibia, na mi nilitaka sana kumuuliza, nikanyamaza, nikambania karatasi zake, akazikunja akaziweka ndani ya sweta.